Mwaka Tuliopandisha Udongo Darini

Nilifika Uroa siku ya khitma ya Mzee Feruzi nikiwa nimechelewa. Wanaume walikuwa wameshamaliza kusoma, wamekaa mikekani wanangoja masinia; mimi nilizungushwa uani walikokuwa wanawake, nikapewa kisu na fungu la vitunguu kabla sijaulizwa ni nani. Napenda kupokelewa hivyo. Nimeishi Tanga, Lindi, Mombasa, Bukoba, na miji mingine ambayo siikumbuki hata rangi ya milango yake, na nimejifunza kwamba mgeni mwenye kazi mkononi hasumbuliwi na maswali. Karibu na pale walikuwa wakijenga hoteli mpya. Milio ya nyundo ilitufikia, na wanawake wakabishana kama Wazungu wanafuata jua kwa kuwa kwao halipo au kwa kuwa hawana shughuli nyingine. Kisha mmoja aliyekuwa akipepeta mchele akasema, "Masikini Mzee Feruzi. Kaoshwa vizuri, kaswaliwa vizuri. Ila lile la mjini, Mungu ndiye anayejua." Kijana mmoja wa kike akauliza lipi. "Hujalisikia? Wee, huyu aliingia chumbani kwa mwanamke aliyekaa eda! Mwanamume mzima, na nyundo mkononi, ati anakagua dari. Na dari yenyewe ikaja ikamwangukia yule bibi kabla eda yake haijaisha." "Astaghfirullahi." "Ndo maana akakimbilia huku kuchoma chokaa. Mjini hakuwa na pa kuuweka uso." Nilikata vitunguu vyote nilivyopewa, nikaomba vingine. Hakuna mwanamume aliyeingia katika chumba kile. Niliyeingia ni mimi, na mpaka siku ile ya khitma, kwa zaidi ya miaka ishirini, sikuwa nimemwambia mtu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa nimetoka skuli, nikapata kazi ya ukarani katika ofisi ndogo iliyoshughulika na majumba na mitaro ya mjini. Ofisi ilikuwa ndani ya nyumba ambayo mwenyewe alikuwa ameshaondoka nchini. Meza yangu niliwekewa katika chumba kilichokuwa cha kulala cha mtu. Katika vidaka vya ukutani, ambamo zamani zilipangwa sahani za kaure, sisi tulipanga mafaili. Kila nyumba mjini ilikuwa na habari kama hiyo. Zile zilizokuwa za familia moja sasa zilikaa familia sita, na kila familia ilijua chumba chake tu, ngazi na sakafu ya juu hazikuwa na mwenyewe. Zamani, kabla ya masika, wenye nyumba waliita mafundi wakasugua sakafu ya juu, wakaipaka chokaa upya na kuzibua milizamu ya kutolea maji. Sasa hakuna aliyejua kwamba kazi hiyo ni yake. Basi mvua ikija, maji yote ya juu yalimwagika kwenye vichochoro kwa mkupuo mmoja, mitaro ikashindwa, na watu wa vyumba vya chini wakaamka magodoro yanaelea. Nakumbuka mama mmoja wa Mkunazini alikuja ofisini na kiatu kimoja cha mtoto mkononi, akakiweka juu ya daftari langu. "Cha pili kiko baharini," alisema. "Nendeni mkakilete."

Mwaka ule akaja mtaalamu kutoka nje na mchoro wake. Alisema kwa mkalimani kwamba maji yasingojwe chini, yazuiwe juu. Kila sakafu ya juu iliyo bapa, isiyoezekwa mabati, iwekwe kokoto kidogo, juu yake udongo wa kina cha shubiri moja, na juu ya udongo yapandwe majani. Mvua ikinyesha udongo utakunywa kwanza, kisha utayaachia maji polepole, na mtaro utapata nafasi ya kupumua. Wakubwa waliposikia kwamba badala ya majani unaweza kupanda mchicha, wakaupenda mpango ule kuliko yeye mwenyewe. Ulikuwa mwaka wa foleni; foleni ya mchele, foleni ya sukari, foleni ambayo watu walijiunga nayo kwanza ndipo wakauliza inauza nini. Mchicha usiokuwa na foleni lilikuwa jambo la kushangilia. Sitaki mtu adhani mpango ulikuwa wa kipumbavu. Palipokuwa na kuta nene na vyumba vyembamba ulifaa, na nyuma ya ghala moja la karibu na bandari nilisimama mwenyewe kwenye mvua nikaona mlizamu unatiririsha maji membamba kama ya birika, wakati mwaka uliopita ulikuwa ukiyarusha mpaka ukuta wa pili. Lakini ilibidi kwanza mtu aseme nyumba ipi itabeba na ipi haitabeba. Kazi hiyo akapewa Mzee Feruzi, fundi chokaa wa Ng'ambo, nami nikapewa daftari nimfuate.

Mzee Feruzi alikuwa mfupi, mwenye mikono iliyoliwa na chokaa mpaka alama za vidole zikafutika, na mdomo mwekundu kwa tambuu. Babu zake walitoka bara, naye aliyapenda majumba ya mawe kama mtu anavyompenda mkwe asiyemstahi. Siku ya kwanza alinipa ndoo mbili niinue, moja ya udongo mkavu, nyingine ya udongo uliolowa. Ya pili ilinishinda. "Mtaalamu wetu anapima ile ya kwanza," alisema. "Sie tutapima ya pili, kwa sababu mvua haitatuuliza tulipima ipi." Akanifundisha kwamba dari zetu hukaa juu ya boriti, miti ya mikoko iliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kwamba boriti haiozi katikati unapoiona. Huozea kichwani, pale inapoingia ukutani, ambako unyevu hushuka na jicho halifiki. Kwa hiyo unaigonga karibu na ukuta na kusikiliza. Iliyo nzima hulia kavu. Iliyooza humeza mlio. Kisha unachoma kwa msumari mrefu, na ukizama bila kusukumwa, boriti imekwisha. Alama zilikuwa mbili tu. Duara jeupe mlangoni, nyumba inafaa, udongo upande. Msalaba wa lami, nyumba haifai na ni hatari, watu wahamishwe ndani ya siku tatu. Mzee Feruzi aliuchukia utaratibu huo. "Nyumba ni kama mtu," alimwambia mkubwa wetu. "Yuko mzima, yuko mgonjwa, yuko maiti. Nyie mnajua mzima na maiti tu. Mgonjwa nimwandike wapi?" Mkubwa alimjibu kwamba fomu zimeshapigwa chapa.

Yeye hakuweza kuingia vyumbani. Mchana wanaume wako makazini, na nyumba ni za wanawake. Kwa hiyo alikaa ukumbini au kwenye ngazi, mgongo kaugeuza, na mimi niliingia nikapanda kitanda au kasha, nikagonga, naye akasikiliza kutoka nje. "Nyingine," angesema. Nagonga. "Nyingine." Nagonga. "Hiyo mama, hapana, hiyo inakohoa." Wanawake walicheka sana. Mmoja wa Kiponda alimwuliza kutoka ndani, "Mzee, na kitanda changu nacho kigongwe? Mume wangu anasema kinakohoa." Mzee akamjibu bila kugeuka, "Kitanda hicho hakina ugonjwa, binti yangu, kina kazi nyingi." Kila nyumba ilitupa chai, na kila chai ilikuja na radhi zake kwa kukosa sukari. Muhogo wa kuchemsha na chachandu tulikula ngazini, tukisikia kupitia sakafu nani kagombana na nani, nani kaitwa na hajarudi, mtoto wa nani kapata skuli. Sijapata kuijua nchi yoyote kama nilivyoujua mji ule kwa miezi ile michache. Labda ndiyo maana hakuna mji mwingine ulioweza kunishika. Mpaka leo nikiingia chumba cha kupanga, kabla sijauliza kodi, macho yangu hupanda penye kona za dari, na wenye nyumba hudhani nawatafutia sababu ya kupunguziwa.

Nyumba ya Bi Salma ilikuwa ya ghorofa mbili, nyuma ya soko. Chini aliishi mama muuza vitumbua na wanawe. Katikati vyumba viwili vilikuwa stoo ya mtu. Juu kabisa, chini ya sakafu ya nje, alikaa Bi Salma peke yake. Mumewe, mshona kofia, alikuwa amefariki, naye alikuwa ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi mwanamke haonwi na mwanamume asiyekuwa wake, hatoki, hajipambi. Mdogo wake, Bi Rukia, aliyeolewa mtaa wa Malindi, alimletea mahitaji kila jioni. Mama muuza vitumbua alituona tukipanda, mzee na mimi, akatuambia juu kuna kizuka, mjane wa eda, tuwe na adabu. Mzee Feruzi alikaa kwenye ngazi ya mwisho chini ya mlango. Nikapiga hodi nikaingia peke yangu.

Chumba kilikuwa safi mpaka kikatia huruma. Kitanda cha besera, mkeka, jiko la mafuta, na ukutani kofia saba zilizoshonwa nusu, kila moja na sindano yake. Bi Salma hakuwa mzee, labda miaka arubaini na kitu, umri nilionao sasa, amevaa nguo nyeupe na shuka kichwani. "Shikamoo, Bi Salma." "Marahaba, mwanangu. Panda, gonga, nnajua unachokuja nacho. Mji mzima unawasikia mnavyogonga." Nikapanda juu ya kasha. Dari ilikuwa imepakwa chokaa mpya, nyeupe kama maziwa, na chokaa hiyo ilinitia shaka kwa sababu hakuna mjane anayepaka dari katika eda. Nikachoma msumari kwenye kichwa cha boriti ya kwanza. Ukazama wote. Boriti ya pili, ukazama. Vumbi la rangi ya kahawa likanimwagikia usoni. Zote za upande wa kaskazini zilikuwa hivyo, isipokuwa moja, ya pembeni kabisa, ilikuwa ngumu kama chuma. Nilipotazama chini, Bi Salma alikuwa amenishika mguu.

"Nilipaka mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Usiku, juu ya kasha hilo hilo. Niliposikia mnakuja." Akaniambia zimebaki siku hamsini na mbili. Nikitia msalaba, watakuja wachukuzi kutoa kitanda, atapita mchana kichochoroni mbele ya baraza ya kahawa, atapelekwa kwenye chumba cha watu asiowajua. "Bi Salma, nyumba ikiwa mbovu dini inaruhusu," nilimwambia. "Dini inaruhusu," alisema. "Watu je? Mume wangu kafa na deni la neno moja tu juu yangu, kwamba sikumzalia. Sasa waseme na eda yake sikuikaa?" Nikamwuliza kwa nini asihamie kwa Bi Rukia kimyakimya. Alisema shemeji yake yumo, na kaka wa shemeji, na nyumba ina chumba kimoja na pazia. Kutoka nje Mzee Feruzi akaita, "Karani! Umelala humo?" Nikasema, "Naam, Mzee, nagonga." Nikaigonga boriti ile moja ngumu. "Nyingine," alisema. Nikasogeza miguu juu ya kasha ili asikie nahama, nikaigonga ile ile. "Nyingine." Ile ile. Niliigonga boriti moja mara tisa. Mwisho akasema, "Mbona zina sauti moja, kama watoto wa tumbo moja?" Bi Salma alifumba macho. Nikajibu kwamba aliyejenga alichagua miti mizuri. Tukashuka. Nilichora duara jeupe mlangoni kwa mkono wangu.

Sikuwa mjinga kiasi cha kudhani udongo utapanda na boriti zitapona. Zamu za kupandisha udongo nilizipanga mimi, na nyumba ile niliiweka ya mwisho kabisa. Nilihesabu siku juu ya kalenda ya ofisini: mpaka zamu yao ifike, eda itakuwa imekwisha, Bi Salma ametolewa kwa heshima zake, nami nitarudi nigonge upya, niseme mchwa wamezidi, nipake lami. Nilijiona nina akili kuliko fomu. Nilichosahau ni kwamba duara liko mlangoni, na orodha iko ndani ya kabati. Watu wa mtaa ule waliuona mchicha umeshaota juu ya dari za wenzao. Jumapili moja wakajitolea, wake kwa waume, wakasimama ngazini kwa mstari, wakapokezana ndoo na vikapu huku wakiimba, na kabla ya adhuhuri dari ile ilikuwa imejaa udongo shubiri nzima. Hawakumwuliza mtu. Wangemwuliza nani, na duara jeupe lilikuwa likiwatazama?

Jumatatu nilikwenda. Udongo ulikuwa umemwagika kila ngazi. Bi Salma alikuwa amefurahi. Alinikalisha mkekani akanipa mkate wa kumimina, mwembamba, wa unga aliouweka akiba tangu uhai wa mumewe, na kipande cha sukari guru. "Nilidhani zitalia," alisema akitazama juu. "Hata moja haikulia. Na siku kumi na nne tu zimebaki, mwanangu." Jua lilikuwa kali, udongo mkavu. Nikakumbuka ndoo mbili. Nikamwambia, "Mvua ikija, Bi Salma, hata kidogo, toka. Usingoje." Akasema, "Ikija nitatoka." Nilikula mkate wote. Ofisini Mzee Feruzi aliniuliza, akinoa patasi, bila kuinua kichwa, "Ile nyumba ya kizuka wameipandishia. Iko sawa?" Nikasema iko sawa. Wakati ule kulikuwa na neno moja lililotosha kummaliza mtu wa serikali aliyeandika uongo, neno hujuma, na mimi nilikuwa nimeshawahi kumwona mtu akichukuliwa kwa neno hilo, viatu vyake vikabaki chini ya meza. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa pia na aibu mbele ya Mzee, ambaye alinifundisha kusikiliza.

Mvua ilikuja siku ya tano, saa mbili za asubuhi, mapema kuliko tulivyoizoea. Bi Rukia alikuwa kwenye foleni ya sukari. Haya yaliyotokea niliambiwa na mama muuza vitumbua mwenyewe, nguo zimemganda mwilini, palepale kichochoroni. Dari ilianza kulia, alisema, kama mlango wa zamani. Alitoa watoto, akapiga kelele, wanaume watano wakatoka kwenye baraza ya kahawa wakapanda mbio mpaka mlangoni kwa Bi Salma. Walimwambia atoke. Akajibu kutoka ndani, "Shukeni nyie kwanza, nipite." Wakaangaliana. Walikuwa watu wa adabu. Wakashuka, mmoja nyuma ya mwingine, wakageuka ukutani ili asionwe. Walipofika ngazi ya chini, dari ilishuka. Ilibaki siku tisa. Nilipofika mimi, mvua ilikuwa ikinyesha ndani ya nyumba, na udongo wetu ulikuwa umekunywa maji barabara, kama mtaalamu alivyoahidi. Hakuna tone lililotoka kwenye mlizamu.

Tuliitwa siku ya pili, mzee na mimi, mbele ya watu watatu ambao hawakutuambia majina. Daftari langu lilikuwa mezani. Mmoja akauliza nani alikagua chumba cha juu. Nilifungua mdomo. Mzee Feruzi akasema, "Mimi." Yule bwana akamwambia, chumba kile kilikuwa cha mwanamke wa eda. "Najua. Msichana nilimwacha nje, nikaingia mwenyewe. Nilikuwa na haraka." Mmoja wao, mtu wa makamo mwenye tasbihi, alimtazama kwa kinyaa ambacho mpaka leo nakiona. Mama muuza vitumbua akaletwa, akasema ndiyo, alimwona mwanamume akipanda. Basi ikawa. Walituacha kwenye benchi la ukumbini tungoje gari litakalomchukua. "Kwa nini, Mzee?" nilimwuliza. Alikuwa akitafuna ingawa hakuwa na tambuu. "Nilikusikia," alisema. "Mti mmoja, mara tisa. Miaka arubaini nasikiliza miti, nisijue? Nilisikia nikanyamaza. Nilisema moyoni, mwache bibi wa watu amalize eda yake, huyu karani ana huruma. Na siku ile ulipojibu iko sawa, nilijua pia. Basi langu ni langu." Nikamwambia nitakwenda kusema. "Utasema nini? Kwamba tulikuwa wawili? Watachukua wawili." Gari likaja. Alikaa ndani miezi kadhaa. Alipotoka hakurudi Ng'ambo, akaenda Uroa kuchoma chokaa. Mimi nilipanda meli ya Tanga kabla ya mwaka kwisha, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuondoka.

Nilipokuwa kijana nilidhani kilichonifukuza ni hofu ya kushikwa. Hofu hiyo ilikwisha zamani. Waliotuhoji wameshakufa au wamekuwa wazee wa kulishwa uji. Kilichobaki ni lile ambalo sikulifikiria hata kidogo siku ile kwenye benchi, na nadhani Mzee Feruzi naye hakulifikiria, au alilifikiria akalibeba. Alipojitwika kosa langu alisema kwamba mwanamume aliingia chumbani kwa Bi Salma. Mwanamke yule alikufa ili asionwe, na mji mzima ukaamini kwamba alionwa. Hiyo ndiyo habari iliyobaki juu yake. Niliisikia tena mwenyewe, juu ya sinia la mchele, katika khitma ya mtu aliyeisingizia nafsi yake.

Asubuhi yake niliacha Uroa nikaenda mjini kumtafuta Bi Rukia. Aliishi Michenzani, ghorofa ya tano, katika majumba yale marefu yaliyokuwa bado yanajengwa wakati ule. Nilipanda nikapumzika mara tatu. Alikuwa mwanamke mkubwa sasa, mnene, miwani imefungwa uzi, akichambua dagaa sebuleni, redio inasema peke yake. Nilimpa shikamoo, nikataja jina langu, nikaona halimwambii kitu. Nikamweleza. Sikuacha jambo, chokaa, msumari, boriti moja mara tisa, duara jeupe. Nilipomaliza aliendelea kuchambua dagaa kwa muda, kichwa huku, mwili huku. Kisha akauliza, "Mkate wa kumimina, ulisema?" "Naam." "Kaupika mwenyewe?" "Mwenyewe." "Mie aliniambia unga umekwisha." Akavua miwani. "Yule mzee alikuja kwangu kila mwaka, siku aliyokufa dada. Anasimama pale mlangoni. Hasemi kitu. Na kila mwaka nikamfungia mlango usoni, mara moja nikammwagia maji. Keshakufa?" Nikasema tulimsomea jana. "Basi umengoja mpaka nisiweze hata kumwomba radhi."

Nikamwomba anisamehe. Alisema, "Hilo sijui. Tutaliangalia mwisho." Kisha akaita kuelekea jikoni, akaja mkwe wake, mikono ina unga. "Zima redio, ukae. Haya, mwambie na huyu." Nikamwambia. Akatumwa mtoto kumwita jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa Kipemba aliyekuja na mtoto mgongoni, nikamwambia naye. Jirani akaita mwingine. Ilikuwa ngumu zaidi kila mara, kwa sababu maneno yalianza kupata njia yake, na Bi Rukia alilisikia hilo. "Usiimbe," aliniambia. "Sema." Baada ya laasiri akapandishwa mzee mmoja, mkongojo mkononi, aliyekuwa akikaa mtaa ule nyuma ya soko. Hakutaka kukaa. Alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho, mkono juu ya kizingiti. "Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kushuka ngazi," alisema. "Na ndiye niliyesema sana barazani." Akateremka, tukasikia mkongojo wake ghorofa zote tano.

Sauti yangu ilikuwa imekwisha. Bi Rukia alinimiminia chai, ina sukari nyingi, akanisogezea kikombe bila kunitazama. "Na kesho uje," alisema. "Wa Malindi hawajasikia. Halafu twende Uroa, kwa hao wanawake wa jikoni." Ndani ya mkoba wangu nilikuwa na tiketi ya boti ya asubuhi.

"Nije saa ngapi?" nilimwuliza.